Shamba la miti, kodi ya ardhi na njia iliyofungwa: nianze na lipi?

SWALI: Habari mtaalamu. Naishi Dar es Salaam, nina ekari 30 za paini katika kijiji kimoja wilayani Mufindi. Nilinunua kwa wenyeji watatu kwa nyakati tofauti, na nilicho nacho ni karatasi za mauziano zenye mhuri wa kijiji. Miti ina miaka 13. Mwaka huu mtendaji wa kijiji ameniambia nadaiwa "kodi ya ardhi". Rafiki yangu ananikataza kulipa, anadai ardhi ya kijiji haina kodi. Wakati huohuo jirani amepanda parachichi kwenye njia ya kama mita 300 tuliyokuwa tukiipita kufika barabara ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini). Wanunuzi wakiiona njia wanashusha bei au hawarudi tena. Nianze na lipi?

JIBU: Anza na karatasi. Deni la kodi utalimaliza kwa siku moja ukishajua linatoka wapi. Njia ndiyo inayokula fedha zako, lakini hutaweza kuidai sawasawa kabla shamba lenyewe halijaandikwa kwa jina lako na mipaka yake kuchorwa.

Tuiondoe kodi kwanza, maana hapo watu huchanganya mambo manne na kuyaita jina moja. Kodi ya majengo, ile ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia umeme, ni ya jengo. Haihusu miti wala ekari. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka wa fedha na mwenye hati ya kumilikishwa na serikali chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999. Ardhi yako haimo humo. Iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huohuo, na hapo ndipo rafiki yako alipokosea: sheria hiyo inairuhusu halmashauri ya kijiji kumtoza kodi ya mwaka mwenye hakimiliki ya kimila (haki ya kumiliki ardhi ya kijiji), hasa asiye mkazi. Inaruhusu tu, hailazimishi. Vijiji vingi havitozi kabisa, vingine hutoza kidogo. La tatu ni ushuru wa mazao ya misitu unaokusanywa na halmashauri ya wilaya wakati wa kuuza. La nne ni michango: zahanati, madawati, ukarabati wa ofisi. Mchango si kodi hata ukiandikwa kwenye daftari lenye mhuri.

Kwa hiyo usikatae, wala usilipe kwa kusikia. Mwombe mtendaji vitu viwili kwa maandishi. Cha kwanza ni sheria ndogo au masharti ya umilikishaji yanayotaja kodi hiyo na kiwango chake kwa ekari. Sheria ndogo ya kijiji hupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Bila idhini hiyo haina nguvu. Cha pili ni stakabadhi halali ya serikali, iwe ya mashine ya kukusanyia mapato au malipo ya benki na simu yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Akivileta, lipa hata kama kiasi kinakuudhi, na ukitunze kile kikaratasi cha mashine kwa kukipiga picha siku hiyohiyo, kwa sababu wino wake hufutika ndani ya miezi michache ukabaki na karatasi nyeupe. Asipovileta, mwandikie barua ya kuomba ufafanuzi, nakala kwa Afisa Ardhi wa Wilaya, ukisema wazi kwamba uko tayari kulipa kinachostahili. Barua ya namna hiyo ni kinga: siku ikija hoja kwamba mmiliki wa Dar hajulikani na halipi, wewe una ushahidi.

Hilo la kutojulikana si dogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu shamba lililoachwa bila kutumika kwa miaka 5 au zaidi kutangazwa kuwa limetelekezwa. Paini za miaka 13 zilizojaa magugu, bila njia za kuzuia moto na bila mtu anayejulikana kijijini kuwa mwangalizi, huwapa nafasi wanaolitamani eneo. Weka mwangalizi kwa barua, na nakala yake ibaki ofisi ya kijiji.

Sasa karatasi za mauziano. Mhuri wa kijiji kwenye mkataba unathibitisha kwamba watu walikutana wakauziana. Hauthibitishi kwamba halmashauri ya kijiji ilikuidhinisha wewe, usiye mkazi, kupewa ardhi hiyo. Tafuta muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji ulioidhinisha kila manunuzi, na ule wa mkutano mkuu wa kijiji. Ukikosekana wa shamba lolote kati ya hayo matatu, hilo ndilo litakaloleta mgogoro. Angalia pia kama mke au mume wa kila muuzaji alisaini. Pasipo ridhaa yake mauziano hupingwa, hata na watoto, miaka mingi baadaye.

Kisha omba hati ya hakimiliki ya kimila. Kijiji lazima kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji na masjala ya ardhi, vinginevyo hakiwezi kuitoa. Ekari 30 ziko ndani ya kiwango cha hekta 20, yaani karibu ekari 50, ambacho kijiji kinaweza kugawa chenyewe bila kupeleka maombi ngazi za juu. Utajaza fomu, kikao kitajadili, kisha itapangwa siku ya uhakiki shambani: kamati, majirani wote wanaopakana nawe na mpimaji mwenye GPS mnazunguka mpaka kona kwa kona. Hati husainiwa na mwenyekiti na mtendaji, na kusajiliwa kwenye ofisi ya ardhi ya wilaya.

Siku hiyo ya uhakiki ndiyo siku ya kuiandika njia, na wengi huipoteza. Majirani wote wapo, kamati ipo, GPS ipo mkononi. Mwambie mpimaji achukue pia alama za njia tangu barabara ya TARURA hadi lango lako, upana wake uandikwe, na mchoro wa hati uonyeshe njia hiyo kwa jina. Ukingoja hadi hati itoke ndipo udai njia, itabidi uwakusanye watu walewale kwa mara ya pili, kwa gharama yako, na safari hii jirani mwenye parachichi atakuja amejiandaa.

Kabla ya kuzungumza naye, jua kwanza njia ile ni ya nani. Nenda ofisi ya kijiji uangalie ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi kama kijiji kinao. Nenda TARURA wilayani uulize kama kipande hicho kimo kwenye mtandao wa barabara zao. Waulize wazee wawili watatu njia ilikuwa ikielekea wapi kabla hujanunua. Kama ilikuwa njia ya kijiji kwenda kisimani, shuleni au kwenye vinyungu (bustani za mabondeni), jirani amepanda kwenye ardhi ya watu wote, na kazi ya kumwondoa ni ya halmashauri ya kijiji, si yako. Kama ilikuwa ni ruhusa ya ujirani tu, kwamba marehemu baba yake aliwaacha wenye mashamba ya ndani wapite, basi huna haki iliyoandikwa, na huna budi kuinunua au kubadilishana.

Kwa hali yoyote usiing'oe miche ya parachichi wala usimtume mtu. Hilo ni kosa la jinai la kuharibu mali, na pia linageuza mgogoro wa njia, ambao ungeshinda, kuwa kesi ya fidia ambayo utashindwa.

Mazungumzo yawe na hesabu. Njia ya mita 6 kwa upana na 300 kwa urefu ni mita za mraba 1,800, chini kidogo ya nusu ekari. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 hapo inakaa miche ya parachichi kama 37. Hiyo ndiyo hasara ya jirani, na ukiitaja mwenyewe kabla hajaitaja, sauti hushuka. Mpe chaguo: fidia ya miche na eneo, au kubadilishana kwa kipande kama hicho kwenye ncha ya shamba lako inayopakana naye, au kuihamisha njia iende kwenye mpaka wake na jirani wa pili, kila mmoja atoe mita 3. Chaguo la mpakani hukubalika kwa urahisi zaidi kwa sababu halikati shamba la mtu katikati. Kabla ya kulisaini, tembea mwenyewe hadi mwisho. Mipaka ya vijijini hupenda kufuata makorongo, na njia ya bei rahisi kwenye karatasi inaweza kuishia kwenye kilima ambacho Fuso halipandi.

Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida: upana, alama za GPS, aina ya vyombo vinavyoruhusiwa, magogo na mbao kupita miezi gani, nani anatengeneza na nani anafunga lango. Yataje kwamba yanawabana warithi na watakaonunua, maana jirani akiuza kesho, mgeni hataheshimu ahadi ya mdomo. Asaini yeye na mwenzi wake, wewe na mwenzi wako, na yapite kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji ili yaingie kwenye muhtasari na masjala. Kama shamba lako au la jirani lingekuwa na hati ya serikali, haki hiyo ya kupita ingepaswa kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Bila usajili haina nguvu.

Akikataa kabisa, nenda Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, wakiwamo wanawake wasiopungua 3. Kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Ngazi inayofuata ni Baraza la Kata, ambalo nalo tangu marekebisho ya 2021 husuluhisha tu na lina siku 30. Likishindwa hukupa hati ya kushindwa kwa usuluhishi, na hiyo ndiyo tiketi yako ya kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu anayekwenda moja kwa moja wilayani bila hati hiyo hurudishwa mlangoni.

Tuje kwenye njia yenyewe, maana haki ya kupita bila njia inayopitika ni karatasi. Hesabu kwanza utapitisha nini. Tuseme shamba lako, hekta 12, linatoa mita za ujazo 150 za magogo kwa hekta, jumla 1,800. Mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia mbao shambani, hutoa mbao kama theluthi moja ya gogo, kwa hiyo mita za ujazo 600 hivi za mbao. Ubao wa inchi 2x6 wa futi 12 ni futi moja ya ujazo kamili, hivyo mita moja ya ujazo ina mbao 35, na shamba zima lina mbao 21,000. Ubao huo ukiwa mbichi una uzito wa kilo kama 24; ukikauka vizuri kwa hewa hubaki kilo 13 hadi 14.

Chukua sasa roli linalobeba tani 7. Ukiyatoa magogo mazima, safari ni karibu 220. Ukipasua shambani na kutoa mbao mbichi, ni 72. Ukizipanga zikakauka ndipo uzitoe, ni 41. Njia ni ileile na miti ni ileile, lakini magurudumu yanayopita juu ya udongo mwekundu yamepungua zaidi ya mara tano. Kabla hujatafuta fedha za greda, amua kwamba mbao zitakauka ndani. Zipangwe siku hiyohiyo zinapopasuliwa, juu ya magogo ya kuziinua sentimita 40 kutoka ardhini, fito kati ya tabaka na tabaka, mabanzi juu kama paa. Paini ikilala chini mbichi siku chache tu hupata madoa ya bluu ya ukungu na mnunuzi atakata bei kwa hilo badala ya njia.

Kinachoharibu njia za huko ni maji kukosa pa kwenda, kuliko hata uzito. Udongo mwekundu ukikauka ni mgumu kama tofali, ukilowa ni sabuni. Sehemu ya kupita magari, mita 4 kati ya zile 6, iwe na mgongo: katikati iwe juu kuliko kingo kwa sentimita 10 hadi 12. Pima kwa kamba na pima-maji, usikubali neno la dereva wa greda kwamba "imekaa vizuri", kwa sababu greda likipita mara moja bila kuangaliwa huacha njia iliyozama kama mtumbwi, na mvua ya kwanza huigeuza kuwa mto. Pande zote mbili mifereji, na kila mita 20 tawi la kuchepusha maji kwenda porini. Pale penye mteremko mkali kila mita 10. Mteremko wenyewe usizidi mita 10 kwa kila mita 100 za urefu. Ukizidi hapo, izungushe njia hata kama itaongezeka mita 200.

Moramu, yaani changarawe ya kutandika barabara, usiimwage kote. Njia yote, tuseme mita 800 kutoka barabarani hadi katikati ya shamba, kwa upana wa mita 3.5 na unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, inataka mita za ujazo 420, na kwa kuwa moramu hupungua ikishindiliwa utanunua kama 540. Ni tipa 54 za mita za ujazo 10. Lakini tembea njia hiyo asubuhi baada ya mvua kubwa, na kijiti na rangi mkononi, uweke alama pale tu kiatu kinapozama. Ukikuta jumla ni mita 120, unahitaji tipa 8. Pesa iliyobaki iende kwenye karavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia. Kipenyo kisiwe chini ya sentimita 60: bomba dogo huziba kwa majani ya paini msimu wa kwanza na halisafishiki kwa mkono. Lifukiwe kwa udongo usiopungua sentimita 45, liinamie upande wa kutokea maji, na midomo yote miwili ijengewe mawe. Wengi hulisahau karavati la mwisho, pale njia yako inapokutana na barabara ya TARURA na kuvuka mfereji wake. Omba ruhusa yao na uweke bomba hapo. Ukifukia mfereji kwa udongo, maji yatakata barabara ya umma na bili itakuja kwako.

Njia ikivuka kijito, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kivuko kinahitaji kibali. Ulizia ofisi ya bonde la maji na afisa mazingira wa wilaya kabla ya kumwita mwenye kijiko. Na kama shamba lako linagusa barabara kuu au ya mkoa inayosimamiwa na TANROADS, pima mita 30 kutoka katikati ya barabara: tangu Sheria ya Barabara ya 2007 hiyo ni hifadhi, na paini ulizouziwa ndani yake huna cha kuzidai.

Kuhusu bei unayopewa sasa, mwulize kila mnunuzi swali moja: njia ikifunguka utaongeza shilingi ngapi kwa ubao? Tuseme anakata 500 kwa ajili ya njia. Kwa mbao 21,000 ni shilingi milioni 10.5. Hicho ndicho kipimo cha kiasi unachoweza kutumia kwa fidia ya jirani, moramu na karavati kwa pamoja. Ikizidi hapo, subiri. Paini za miaka 13 bado zinanenepa, na kusubiri miaka 3 au 5 njia ikiwa imeshaandikwa hakukutii hasara, ilimradi umezilinda na moto. Njia hiyohiyo ikisafishwa kila Julai ni kinga ya moto.

Utakapouza, ushuru na njia viingie kwenye mkataba. Andikeni nani analipa ushuru wa halmashauri na nani anashughulikia hati ya kusafirishia mazao ya TFS (wakala wa huduma za misitu), kwa sababu roli likikamatwa kizuizini bila hati hiyo, mnunuzi atakupigia simu wewe. Mnunuzi aweke amana ya ukarabati kabla ya roli la kwanza, irudishwe baada ya nyinyi wawili na mwangalizi kuikagua njia pamoja. Usombaji uwe kati ya Juni na Oktoba, na mvua ya ghafla ikinyesha, hakuna roli hadi udongo ukauke. Mvua za huko huanza Novemba, kwa hiyo greda na karavati vifanyike Mei au Juni, udongo ukiwa bado na unyevu wa kushindilika. Ukishindilia Septemba bila kumwagia maji utapata vumbi juu na ulaini chini. Kwa mwaka huu tafuta ile mihtasari ya vikao kwa mashamba yote matatu, mwandikie mtendaji kuhusu kodi, na uombe tarehe ya uhakiki iangukie wakati jirani wa parachichi yupo kijijini.